Kitambi cha Ushirika

Anayekushauri uache wanga na sukari huzungumza kana kwamba wewe mwenyewe ndiye unayejipikia, unayejipakulia na unayejikorogea chai. Sijui huyo anaishi mji gani. Hapa Dar es Salaam chai hufika mezani ikiwa imeshatiwa sukari tangu jikoni, humo humo kwenye chupa, kwa kipimo cha aliyeipika. Ukiuliza kama ipo isiyotiwa, unatazamwa kwa huruma.

"Pole baba, kumbe una sukari?"

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni heri zaidi. Hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Sasa kikombe cha kwetu hutiwa vijiko vitatu, na hakuna mwenye nyumba anayekubali mgeni aondoke na kikombe kimoja. Vikombe viwili, mgao wa siku umekwisha, na soda bado haijafunguliwa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30. Jaribu kuikataa kwenye shughuli ya watu uone utakavyojadiliwa ukishatoa mguu.

Mchana ndipo vita vinapokolea. Mama ntilie wa jirani na ofisi yetu ni mtu mwema, ila ana imani moja isiyotikisika: mtu hajala mpaka ale wali au ugali.

"Bosi, leo wali au ugali?"

"Nipe samaki na mchicha tu, mama."

"Na nini?"

"Na mchicha."

"Mchicha nimeusikia. Unakula na nini?"

Foleni nyuma yangu imeanza kuguna. Namweleza kwamba napunguza wanga. Ananiwekea ugali "kidogo tu, wa kusukumia", ambao ungewashibisha mafundi ujenzi wawili. Nikiusukuma pembeni, bei haipungui hata shilingi, kwa sababu ugali ndio kitu rahisi kuliko vyote katika sahani ile. Nikithubutu kuomba kipande cha pili cha samaki badala yake, hapo bei hupanda bila mjadala.

Hilo washauri wetu hawaligusi. Kuacha wanga ni ushauri wa watu wenye mfuko. Mwaka 1863 huko London, William Banting, mtu aliyejipatia ukwasi wake kwa kazi ya mazishi, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Badala yake alikula nyama ya ng'ombe, nyama ya kondoo na samaki, akashushia na mvinyo. Kwa chakula hicho hata mimi ningepungua, maana mshahara ungekwisha tarehe 5 na siku zilizobaki ningefunga.

Nikasema basi, kama ugali hauepukiki, tule wa dona, angalau mahindi yasagwe pamoja na pumba na kiini chake. Watoto wakaukodolea macho. Mkubwa akauliza kama tumefilisika, wa pili akasema huo ni ugali wa bweni. Kesho yake sembe ilirudi mezani, na sikushirikishwa katika kikao kilichoirudisha.

Uzito nao haubishi hodi. Vile vijiko sita vya sukari ni karibu kalori 100 kwa siku. Kilo moja ya mafuta mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Piga hesabu ya mwaka mzima, karatasi itakuambia umeongeza zaidi ya kilo 4. Mwili hauendi na karatasi moja kwa moja, kwa kuwa mtu akinenepa hutumia nguvu zaidi kujibeba. Lakini fundi cherehani wangu, ambaye hana habari na kalori, alishaona mambo. "Mzee, hapa kiunoni sina tena kitambaa cha kuachia," aliniambia, na suruali akanirudishia kama alivyoipokea.

Na safari yote hiyo ya kunenepa nilisindikizwa kwa pongezi. Umependeza! Ndoa imekukubali! Mashemeji walimsifu mke wangu kwa matunzo. Nilipoanza kupungua kidogo tu, sifa zikageuka upelelezi. "Kaka, nyumbani kwema?" Shangazi akapiga simu kutoka Tanga, na hakutaka kuongea na mimi, alimtaka mke wangu. Walizungumza muda mrefu mlango ukiwa umefungwa. Usiku huo nikaandaliwa chapati za kusukuma, zenye mafuta yanayong'aa, na nikazila zote bila kunung'unika. Ningekataa vipi, wakati zimeshakuwa ushahidi katika kesi ya mtu mwingine?

Kijana mmoja anayesimamia mazoezi mtaani kwetu akaja kumalizia. Eti ukipunguza wanga, mwili huanza kutumia wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Kwa hiyo kilo za mwanzo kuondoka huwa ni maji kuliko mafuta. Kumbe shangazi alikosa usingizi Tanga kwa ajili ya maji!

Sidai nchi nzima iache ugali. Ningekuwa wa kwanza kuulilia. Nadai sukari itolewe kwenye chupa ya chai iwekwe kwenye kibakuli mezani, kila mtu ajitilie na kijiko chake na dhamiri yake. Nadai pia mama ntilie apange bei ya sahani ya samaki na mboga za majani, ili asiyetaka ugali asiulipie. Mpaka hayo yatimie, anayetaka kukicheka kitambi changu aanze kwanza na wanahisa wenzangu: aliyetia sukari jikoni, aliyenipakulia, aliyeniambia nimependeza na aliyepiga simu kutoka Tanga. Mkutano mkuu ni Jumapili, nyumbani kwangu, saa saba mchana. Mke wangu ameniambia niwataarifu kwamba kutakuwa na pilau, na soda kreti mbili zimeshanunuliwa.