Mwanablogu Mtarajiwa

Jamaa yetu bado anachagua jukwaa. Blogger, ya tangu 1999, anaiona ya wazee. WordPress anaipenda, ila imemvuruga: achukue ya .com, inayomhifadhia kila kitu, au ya .org, aipakue na kutafuta seva mwenyewe? Medium haimpi rangi za kutosha za kuchezea. Substack hupeleka makala kwa barua pepe, naye anwani pekee aliyo nayo ni ya shemeji yake. Mwaka 2018 Tanzania ilipowadai wanablogu leseni ya shilingi 1,000,000, yeye alilala usingizi mnono. Nani atamtoza mtu asiye na hata aya? Nembo lakini anazo, mbili, na tumeombwa tupige kura. Makala yake ya kwanza, anasema, itawashauri wanaoanza wachague jukwaa gani.