Sifa za Kiraka Kilichofungiwa Kasha

Asifuye mvua imemnyea, na kwa kuwa kadi za kisasa za wanamichezo zimewanyea watu wengi waliokuwa na akiba nzuri benki, ni haki zipewe sifa zao bila kupunjwa. Kadi inayokusudiwa hapa si ile ya zamani, yaani kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, ambacho kampuni za tumbaku za Marekani zilikitia ndani ya pakiti za sigara katika karne ya 19 ili pakiti isipondeke na mvutaji arudi dukani kutafuta picha nyingine. Kinachosifiwa ni kitukuu cha kadi hiyo: kadi yenye upana wa milimita 64 na urefu wa milimita 89, iliyotobolewa dirisha katikati, ambamo kumepachikwa kiraka kilichokatwa kwenye jezi, kisha ikatiwa saini ya mchezaji na kupigwa nambari inayoonyesha ni nakala ya ngapi kati ya chache zilizotolewa. Kadi ya kawaida haifiki unene wa milimita moja, lakini hii huweza kupita milimita nne, na mshabiki wake huiona kuwa nene kwa jinsi ambavyo mtu aliyeshiba huwa mnene, yaani kwa heshima.

Fadhila yake ya kwanza ni kuikomboa jezi kutoka katika utumwa wa kuvaliwa. Uzito wa ukombozi huo hauwezi kueleweka bila kutazama mateso yanayoipata jezi mahali kama Sironga, katika kaunti ya Nyamira, ambako hakuna nguo inayofanyishwa kazi kuliko hiyo. Jezi ya timu ya Ulaya hufika Kisii ikiwa imebanwa ndani ya belo la mitumba, na katika soko la Daraja Mbili wachuuzi huzichambua nguo kwa haraka ya ajabu: zile safi zisizo na doa huitwa kamera na huenda kwa wanunuzi wa mapema, za katikati husubiri mchana, na zile zilizochoka kabisa, ambazo hutupwa chini kwa rundo na kuuzwa kwa bei ya kusukuma siku, huitwa fagia. Jezi iliyonunuliwa hapo huanza maisha yake mapya kwa hadhi, ikivaliwa kwenye mechi ya Jumapili jioni, lakini baada ya msimu mmoja hushushwa cheo na kupelekwa kwenye majani chai, ikakaa chini ya kamba za kikapu zinazoikwaruza mabegani tangu umande wa asubuhi hadi kituo cha kununulia majani kinapofunguliwa. Kutoka hapo huhamishiwa kwenye tope la bonde la Sironga, ambako matofali hufyatuliwa, na ikishapasuka mgongo hugeuzwa dekio. Katika safari hiyo yote jezi haipati hata siku moja ya kutofaa kitu. Kadi huipa siku hiyo, tena huipa milele, kwa sababu kitambaa cha sentimita chache kilichofungwa ndani ya karatasi hakiwezi kumsitiri mtu yeyote, wala kupangusa chochote.

Wanahistoria wa uraibu huu wanakubaliana kwamba hatua kubwa ya kwanza ilipigwa mwaka 1990, wakati kampuni ya Upper Deck ya Marekani ilipochanganya kadi 2,500 zilizotiwa saini na Reggie Jackson, mchezaji wa besiboli, ndani ya pakiti za kawaida, hivyo kwamba mtoto aliyenunua pakiti kwa pesa ya peremende aliweza kwa bahati kukuta mwandiko wa shujaa. Mwaka 1996 kampuni hiyo hiyo ikaanza kupachika vipande vya jezi za wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Makasi yalipokwisha kuonja kitambaa hayakutosheka. Mwaka 2003 kampuni ya Donruss ilinunua kwa dola 264,210 moja ya jezi chache zilizosalia za Babe Ruth, mchezaji wa besiboli ambaye kwa Wamarekani hahitaji utambulisho, na kuikata vipande 2,100. Walikuwapo waliolia kwamba kumbukumbu ya taifa imechinjwa, lakini malalamiko hayo hayakuzingatia hesabu. Jezi nzima ingekaa nyuma ya kioo cha makumbusho ikitazamwa bure na watoto wa shule, ilhali jezi iliyokatwa iliwapa watu 2,100 fursa ya kumiliki kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyeweza kukivaa, kwa gharama ya kitambaa isiyozidi dola 126 kwa kila kipande. Mgawanyo wa mali ulio na usawa kiasi hicho haujawahi kupatikana katika kesi yoyote ya urithi wa shamba huko Gusii, yaani Kisii na Nyamira.

Hapa ndipo fundi wa cherehani anayeketi kibarazani kwenye soko la kijijini anapopaswa kujifunza. Kwa miaka mingi fundi huyo amekuwa akitafuta tundu, akalikatia kitambaa, akakishona juu yake na kudai shilingi chache, akiamini kwamba kazi ya kiraka ni kuziba. Kampuni za kadi zimethibitisha kinyume chake, kwamba kiraka huanza kuwa na thamani pale kinapoacha tundu nyuma yake. Tena si kila kiraka kina daraja moja: kipande cha rangi moja tu kilichokatwa tumboni mwa jezi hudharauliwa, chenye mshono na rangi mbili huheshimiwa, na kile kilichokatwa kwenye nembo ya ligi, ambayo huwa moja tu kwa kila jezi ya mpira wa kikapu ya NBA, humfanya mkusanyaji asipate usingizi. Mnamo Agosti 2025 kadi moja ya Upper Deck ya msimu wa 2007–08, yenye nembo mbili za aina hiyo pamoja na saini za Michael Jordan na Kobe Bryant, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.9, yaani zaidi ya shilingi bilioni 1.6 za Kenya. Kwa pesa hizo mtu angeweza kununua mabelo yote ya Daraja Mbili na bado akabaki na chenji ya kumrudisha kila mchuuzi kwao kwa teksi.

Saini nayo ina utukufu wake, na utukufu huo huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na upungufu wa Tabaka. Tabaka, iliyo kusini mwa kaunti ya Kisii, ndiko yanakochimbwa mawe ya sabuni, ambayo wanaume huyachonga kwa panga, patasi na visu, kisha wanawake huyapiga msasa ndani ya maji hadi kiboko au sahani itoke laini kama ngozi ya mtoto. Mikono miwili au mitatu hupita juu ya kila kinyago, na maelfu ya vinyago hivyo huondoka kwenda Nairobi, Ulaya na Marekani bila jina la yeyote kati ya waliovitengeneza. Kadi imelisahihisha kosa hilo kwa kuweka jina la mtu ambaye hakuitengeneza. Mara nyingi hata hajaigusa, kwa maana kampuni humpelekea mchezaji karatasi zenye stika angavu kwa mamia, naye hutia saini akiwa hotelini au ndani ya basi, na miezi kadhaa baadaye stika hizo hubandikwa kwenye kadi ambazo yeye hatazitia machoni. Saini za mwanzo katika rundo hilo huonyesha jina zima, za katikati huonyesha herufi mbili na mkia, na za mwisho zafanana na njia ya konokono. Mkusanyaji hulipa bei moja kwa zote, jambo linaloonyesha moyo mpana.

Na endapo mchezaji amechelewa kurudisha stika zake, pakiti hutiwa kadi ya ahadi, yaani kadi isiyo na saini wala kiraka, inayomweleza mnunuzi kwamba alichokinunua kitafika baadaye, mradi adai kabla ya tarehe fulani. Mkulima wa chai wa Nyamira, ambaye hulipwa kiasi kidogo kwa kilo kila mwezi na kuahidiwa salio liitwalo bonasi baada ya hesabu za mwaka, hatahitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba bonasi ya chai ikiwa ndogo watu huandamana, ilhali ahadi ya kadi ikipitwa na tarehe mkusanyaji hununua boksi jingine.

Unyofu wa kadi hizi pia haujasifiwa vya kutosha. Nyuma ya nyingi kati yake kuna maandishi madogo yanayomhakikishia mnunuzi kwamba kitambaa kilichomo ni halisi, kisha yanaongeza, kwa herufi zile zile, kwamba kitambaa hicho hakihusiani na mechi, tukio wala msimu wowote mahsusi. Ni vigumu kutaja hati nyingine ya kisheria inayothibitisha uhalisi wa kitu huku ikikataa kusema kitu chenyewe kimetoka wapi. Kuna jezi zilizovaliwa mechini, na kuna zilizovaliwa na mchezaji tu: katika vikao vya kupiga picha vinavyoandaliwa kwa ajili ya wachezaji wapya, kijana huvalishwa jezi, hupigwa picha, huvuliwa, huvalishwa nyingine, na kila iliyogusa mabega yake huenda moja kwa moja kwenye makasi. Jasho halihitajiki.

Kwa ajili ya wasioridhika na uhakikisho wa aina hiyo zimeanzishwa kampuni za kupima ubora, mashuhuri zaidi ikiwa PSA, iliyoanza mwaka 1991, ambazo huipokea kadi, huitazama pembe zake kwa lenzi, huipa alama kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia katika kasha la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Wachuuzi wa Daraja Mbili hufanya kazi hiyo ya kutoka fagia hadi kamera kwa jicho moja, wakiwa wamesimama na huku wakipiga kelele za bei, lakini ni kweli kwamba hawatoi kasha.

Inasikitisha kwamba neema hii imechelewa kufika Gusii, kwa kuwa malighafi haikukosekana. Mike Okoth aliichezea klabu ya soka ya Shabana ya Kisii kabla ya kwenda Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwanawe Divock Origi, aliyezaliwa Oostende mwaka 1995, aliifungia Liverpool mabao mawili dhidi ya Barcelona mwezi Mei 2019, kisha moja katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham mwaka huo huo. Shabana yenyewe ilirejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, na mashabiki wake wa Tore Bobe huujaza uwanja wa Gusii wakiwa na jezi zilizo nzima, bila mmoja wao kufikiria makasi.

Kwingineko, nchini Marekani, wapo wafanyabiashara walioshtakiwa mahakamani kwa kununua jezi mpya, kuzichakaza kwa makusudi, na kuziuzia kampuni za kadi kana kwamba zilitoka uwanjani. Taabu yote hiyo ingeepukwa kama wangefika Sironga, ambako uchakavu hupatikana bila udanganyifu, na ambako doa la utomvu wa mgomba, lisilotoka kwa sabuni yoyote, ni hati bora kuliko cheti. Jezi moja ya fagia yenye jina la Origi mgongoni, iliyochuma chai misimu mitatu, ingetosha kutoa kadi tano za herufi, maana kampuni hizo hukata hata jina la mchezaji na kuweka kila herufi katika kadi yake. Mgogoro pekee ungekuwa juu ya zile I mbili, iwapo ya pili ihesabiwe kuwa adimu kuliko ya kwanza, na kwa swali la namna hiyo tayari wapo watu walio tayari kulipa.