Barua ya Wazi kwa Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, Entebbe

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kikorongo, njia panda ya Kasese, Mbarara na Bwera, hapa jirani na Ikweta. Kwanza tunaishukuru Serikali. Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuingia Bwera mwaka 2019, pale mpakani Mpondwe tulipimwa joto bila upendeleo: mwenye vitenge, mwenye viazi, mama na mtoto mgongoni. Ukizidi nyuzi, kando!

Sasa yupo msafiri mmoja ambaye kila asubuhi hupita na homa yake wala hasimamishwi. Ni maziwa. Yanatoka kiweleni yana nyuzi 38 na kitu, yanatiwa kwenye jerikani lililozaliwa kubeba mafuta ya kupikia, yanafungwa nyuma ya bodaboda na kuachiwa jua. Tunajua mnataka madebe ya alumini au chuma kisichoshika kutu, na maziwa yapozwe hadi nyuzi 4. Jerikani halijapata barua hiyo. Mdomo wake mwembamba, mkono haupiti, basi husafishwa kwa kokoto chache na imani nyingi.

Bakteria nao hawangoji leseni. Penye joto linalomfaa, E. coli mmoja hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa saa mbili keshakuwa ukoo wa 64. Mnunuzi makini atatumbukiza laktomita, na laktomita, masikini, inachojua ni kutafuta maji. Isipoyaona, maziwa yamefaulu. Bakteria aitwaye Brucella hupita hapohapo akicheka, na wiki kadhaa baadaye mtu anashikwa na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma. Anatibiwa malaria. Haponi, anatibiwa taifodi.

Mtatujibu: chemsheni. Tunachemsha, kuni zikiwapo, na Brucella hufa kweli. Lakini sumu ambayo bakteria mwingine, Staphylococcus, amekwisha kuitema ndani ya maziwa yaliyoshinda kwenye joto haitishwi na sufuria. Na wapenzi wa mgando wa maziwa mabichi mtawachemshia nini?

Kwa hiyo, kama vile vipimajoto vya 2019 vimelala stoo, tuazimeni. Vilitengenezewa paji la uso, tutavumiliana. La maana zaidi, leteni tangi la kupozea karibu na mazizi, lenye umeme wa uhakika, na madebe kwa bei ambayo mchuuzi wa bodaboda anaiweza. Hayo yakifika, njooni mkamate majerikani, tutawasaidia kuyabeba.

Wanywaji wenu watiifu,
Kikorongo