Picha ya Mbwa kwa Bei ya Mbuzi

Msyuuu! Mmesikia hii? Kuna jamaa hapa Lwiro amepeleka picha ya mbwa wake Bukavu ichorwe kwa mkono, kwa penseli, itiwe fremu na kioo juu. Si picha ya marehemu baba yake. Mbwa! Na muuza pombe ya kasiksi anaapa kwamba bei waliyopatana ni ya mbuzi dume mwenye ndevu.

Pale njia panda habari hiyo imetafunwa tangu asubuhi. Fundi viatu aliweka sindano chini kabisa. "Huyo mbwa mwenyewe anajua kama anachorwa?" Kijana wa pikipiki akamtetea mwenye mali: "Papa, pesa ni yake, mwache." Mwache? Fundi akafyonya hadi mate yakaruka. Watoto wa dada yake huyo bwana, asema, walirudishwa nyumbani kwa sababu ya minerval, ada ya shule, na yeye ananunulia mbwa kioo.

Basi mimi nasimama na mwenye mbwa, mnipige mawe. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Kavumu na siku chache baadaye Bukavu, watu wa njia hii walikimbia na godoro, sufuria na karatasi za shule. Yeye alikimbia pia. Aliporudi alimkuta mbwa amelala mlangoni mwa nyumba ambayo hakuna aliyemwambia ailinde, mbavu zinahesabika. Mbwa huyo amezeeka sasa, jicho moja lina ukungu. Mtu kama huyo akitaka uso wa mbwa wake ukutani, nimwambie nini? Na tusijifanye hatujui mambo ya wanyama wenye heshima. Hapa kwetu Bushi ng'ombe ana jina, ana sifa zake, na mzee akimtaja huyo ng'ombe aliyekufa zamani sauti inabadilika. Hatucheki.

Tena si ushamba wetu peke yetu. Mwaka 1841 Malkia Victoria wa Uingereza alimwagiza mchoraji Edwin Landseer amchore Eos, mbwa wa mumewe Albert, iwe zawadi ya Noeli. Bwana mwenyewe hayumo katika picha. Imo kofia yake na glavu zake, na mbwa amesimama anazilinda. Fundi viatu akauliza kama malkia naye alikuwa na wapwa wasiolipiwa minerval. Nikanyamaza.

Kuhusu bei, wanaopiga kelele hawajaona kazi yenyewe. Mchoraji anapiga miraba juu ya picha ya simu, kisha anapiga miraba mikubwa zaidi kwenye karatasi, hafifu ili ifutike, na anahamisha mraba mmoja mmoja. Hapo ni mifupa tu. Manyoya ndiyo yanayokula siku: kila mstari ufuate upande ambao nywele imelala, puani fupi, shingoni ndefu, la sivyo mbwa anatoka kama mkeka. Kile cheupe kinachong'aa jichoni hakichorwi. Ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa, na ukiigusa kwa bahati mbaya mbwa amekufa. Mbwa mweusi ndiye balaa. Ukimpiga picha saa sita juani kwa simu yako ya bei poa, anatoka shimo lenye masikio. Mweke kivulini karibu na mlango, piga goti macho yenu yalingane, ndipo upige. Wengi hawapigi goti, wanaogopa kuchafua suruali, halafu wanalalamika kwamba mbwa ametoka na kichwa kikubwa na miguu ya mende.

Lakini kuna kazi moja ambayo mchoraji yeyote akiikubali nitamfyonya mpaka Katana wasikie.

Ninyi mnaishi hapa, mnajua kelele za asubuhi zinatoka wapi. Tangu 2002, taasisi ya uhifadhi ICCN na kituo cha utafiti, kile cha CRSN kilichoanza enzi ya Wabelgiji kwa jina la IRSAC, wana makao ya kuwatunza sokwe na nyani yatima. Sokwe peke yao wamepita mia. Wengi wao walikuwa "mnyama wa nyumbani" wa mtu fulani: aliyefungwa kamba kiunoni, aliyevalishwa fulana ya mtoto ili wageni wacheke. Mtoto wa sokwe hunyonya hadi miaka minne au mitano, na mama yake hambandui kifuani. Ukimwona mchanga yuko peke yake mikononi mwa mtu, jua mama ameuawa, na pengine ndugu waliotaka kumwokoa pia. Nyama ilikwenda sokoni, mtoto akauzwa akiwa hai. Sheria ya Kongo ya Februari 2014 inakataza biashara hiyo, mkataba wa CITES unakataza, na bado simu zinazunguka na picha za watoto hao, "angalia anavyopendeza". Kila anayependezwa anampa mwindaji mwingine wazo.

Na penseli ni mbaya kuliko simu katika hili. Simu inaonyesha kamba. Mchoraji, kwa adabu ya kazi, ataiondoa, atalainisha jeraha, atatia mwanga jichoni, na mteja ataning'iniza sebuleni mtoto mwenye furaha.

Kwa hiyo nikasema pale mbele ya wote: mbwa chora, paka chora, jogoo chora hata na taji. Akija mtu na picha ya sokwe mchanga, aulizwe mama yake yuko wapi, na akikosa jibu arudishiwe avansi yake papo hapo.

Fundi viatu akachukua sindano yake. "Arudishiwe avansi? Na mchoraji? Wewe umeona wapi? Hiyo imeshaliwa na sombe jana usiku."