Hisani ya Kampuni

Hapana budi Apple ishukuriwe kwa hisani iliyowafanyia wahariri wa filamu mwezi wa Juni 2011, ilipotoa programu ya uhariri ya Final Cut Pro X kwa dola 299.99 na papo hapo kuliondoa sokoni toleo la kale, asije mja dhaifu akafitinika kwa kuwa na hiari. Kwamba programu mpya haikuweza kufungua kazi za ile ya zamani si aibu, bali ni hekima itoshayo: ndivyo afanyavyo kadhi mwadilifu achomaye majalada ili kesi zisikawie, na nahodha mwelekevu ang'oaye usukani ili abiria wasibishane juu ya njia. Uhariri wa picha za kamera nyingi kwa pamoja nao uliondolewa, ukarudishwa Januari 2012, ili watu waonje utamu wa kutunukiwa walichokuwa nacho. Na Aprili 2022, wanafilamu zaidi ya 100 walipomwandikia Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, barua ya wazi, wakiomba chombo chao kitetewe na kiboreshwe, walipungukiwa adabu tu: mgeni mwema, hata akiwa ndiye mlipa kodi ya nyumba, hamwulizi mwenyeji kesho atalala wapi.