Sifa za Mzee "Do"

Wasifu wafalme wapo wengi, na ujira wao wanaujua wenyewe. Mimi leo namsifu "do", kitenzi kisaidizi cha Kiingereza, mzee mfupi asiye na maana yake mwenyewe, aliyewatoa jasho wanafunzi wa pwani na bara.

Tazameni ukarimu wake. Katika "He came" mambo yametulia: mtu kaja, basi. Akizuka mbishi wa kusema hakuja, Mwingereza humwita mzee: "He did come." Papo hapo anajitwika wakati uliopita wote, na "come" anabaki mtupu, hana hata alama ya jana. Mwanafunzi mwenye huruma huandika "He did came", akidhani mzigo ni wa kugawana. Kalamu nyekundu humfunza kwamba mzee huyu hapendi kupokewa.

Na ana adabu. Palipo na msaidizi mwingine haingii: "I am coming" na "I have paid" hukaziwa sauti tu, yakatosha. Yeye huingia kwa kitenzi kisicho na wa kukisemea.

Ujana wake, tuseme kweli, ulikuwa wa kujipenyeza. Enzi za Shakespeare aliingia hata pasipo na ubishi, na katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 watu wanakula kwa "did eat" ingawa hakuna aliyewatilia shaka. Wakubwa wakamchoka. Mwaka 1711 mshairi Alexander Pope alimcheka kuwa ni kijazio cha mizani, na kwa makusudi akamweka katika mstari uleule wa kumchekea. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika sarufi aliyoitanguliza kwenye kamusi yake, akasema kumtumia pasipo haja ni usemi mbovu. Mzee hakujibu neno. Mwaka 1787 Wamarekani walipoandika Katiba yao, kiapo cha rais kilianza na "I do", na hadi leo hakuna anayeingia ikulu yao bila kumpitia.

Lakini fadhila yake kuu ni kuchongea. Aliyelipa kweli husema "I sent the money", akaenda kulala. "I did send the money" husemwa pesa zisipoonekana. Mke akiambiwa "I love you" hutabasamu. Akiambiwa "I do love you" huuliza kumetokea nini. Mzee anaitwa aje kumtetea bwana wake, naye kwa kufika kwake tu anatangaza kwamba kuna kesi.

Basi, ndugu msomaji, mheshimu mzee huyu na usimwite ovyo. Na mdeni wako akikuandikia "I did pay", mshukuru kwa upole, kisha angalia salio.