Papa Naye Ana Upande Wake

Walimu wa siku hizi hawatutakii mema. Zamani kazi ya nyumbani ilikuwa hesabu za kuzidisha. Mzazi unatazama, unakohoa, unatia saini. Sasa mwanangu wa darasa la tano kaja na agizo: chukua hadithi unayoijua, isimulie upya kwa nafsi ya kwanza, na msimulizi awe yule anayelaumiwa na kila mtu.

Nikampa kisa cha kima na papa, kile ambacho Edward Steere alikipata kwa Waunguja akakichapisha London mwaka 1870. Nilikiona hakina madhara. Papa kambeba kima mgongoni, kufika bahari kuu anamwambia sultani wao mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu kwamba mioyo yao huiacha mitini, anarudishwa, anaparamia mkuyu, basi. Tangu enzi za babu watu wanamcheka papa.

Mtoto hakucheka. Kaandika: "Mimi ni Papa, nimetumwa." Halafu ukurasa mzima wa utetezi: mfalme wake yu mahututi, amri ni amri, na tena yeye alimweleza rafiki yake ukweli kabla hawajafika. Angekuwa msaliti si angenyamaza? Nikasoma mara mbili, nikakosa jibu.

"Halafu Baba, kile kisa kilichomo humo humo ndani, cha punda wa dobi aliyerudi kwa simba mara ya pili, anayemsimulia papa ni kima mwenyewe, yuko juu ya mti. Punda kaulizwa?"

Nikampigia mwalimu kulalamika kwamba watoto wanafundishwa ubishi. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Sawa mzee, huo ni upande wako."

Tangu hapo nyumba haikaliki. Mama yake anauliza nani kamaliza maandazi, naye anataka kujua jibu litolewe kwa nafsi ya kwanza au ya tatu. Ya tatu ikawa hivi: palikuwa na mtoto mwenye njaa, na baba aliyechelewa kurudi. Maandazi kala yeye, kesi kanipa mimi!

Juzi nimeingia saa nne usiku, nikaanza kueleza foleni ya Mbagala. Mama watoto hakunijibu. Alimgeukia mwanawe: "Mwanangu, huyu msimulizi anaaminika?"

Mtoto akasema hawezi kuamua mpaka amsikie konda.